BENI: NGOMA ILIYOFUATA NYAYO ZA ASKARI

Mtu ambaye hajapata kutembea mwendo mrefu, mzigo mgongoni na jua utosini, aweza kudhani kwamba wimbo ni pambo tu la safari. Sisi tuliopitia chuo cha maofisa kadeti twajua vingine. Usiku mmoja wa mafunzo yetu, baada ya kwenda tangu adhuhuri tukiwa na shanta na bunduki, mwenzangu aliyekuwa mbele yangu alianza kuyumba kama mlevi. Sajini aliyetusimamia aliiona hali yake, wala hakumkaripia. Aliamuru wimbo. Mmoja wetu akaanzisha, sisi tukaitikia. Mwenzangu naye akaitikia kwa sauti iliyokwaruza, na baada ya beti mbili tatu mguu wake ukarejea katika mstari. Uchovu wake haukumwondoka hata kidogo, ila mguu ulikuwa umepata bwana mwingine wa kuutii.

Jambo hilo halikugunduliwa na jeshi lolote. Katika karne ya 19 wapagazi wa Unyamwezi walikuwa wakienda kwa miguu kutoka Tabora hadi Bagamoyo na kurudi, na wengine kupita mpaka Ujiji, kila mtu akiwa na mzigo wa frasila mbili, yaani kama kilo 32, begani au kichwani. Mbele ya msafara alikwenda kirangozi, kichwani amevaa manyoya, bendera mkononi, na ngoma haikuwa mbali naye. Kirangozi akiimba, msafara huitika. Mzigo husumbua zaidi pale pumzi inapokwenda kombo na hatua. Wimbo wa kuitikizana huzipatanisha, kwa kuwa mtu hawezi kuitika bila ya kupumua kwanza, wala hawezi kupumua vema hali anakimbia na kusimama. Tena humjulisha aliye nyuma kabisa, asiyewaona wa mbele kwa vumbi, kwamba msafara bado ungali mzima.

Lakini leo nakusudia kumsimulia msomaji juu ya ngoma moja iliyozaliwa baada ya misafara hiyo, nayo ikatembea kuliko kirangozi yeyote. Ngoma hiyo ni beni.

Jina lenyewe lilitokana na neno la Kiingereza la bendi. Pwani ya Kenya, huko Lamu na Mombasa, katika miaka ya 1890, vijana walikwisha kuyasikia matarumbeta ya manowari, na yale ya bendi ya watumwa walioachwa huru pale Freretown, kijiji kilichoanzishwa na wamisheni karibu na Mombasa mwaka 1875. Mashindano ya ngoma baina ya mitaa yalikuwapo tangu zamani. Kilichobadilika ni vazi na chombo. Ngoma kubwa ya kijeshi, tarumbeta, kwata, vyeo na sare viliingia katika mashindano yale yale ya kale. Mjini Mombasa palikuwa na Kingi na Scotchi. Upande wa Tanganyika, iliyokuwa chini ya Wajerumani, palitokea Marini na Arinoti. Kila chama kilikuwa na mfalme wake, majenerali, makapteni na madaktari wake, na wanawake pia walipewa vyeo.

Halafu vikaja vita vya mwaka 1914. Askari wa King's African Rifles, jeshi lililoundwa mwaka 1902, walipambana na askari wa von Lettow-Vorbeck kutoka Kilimanjaro hadi Msumbiji, hata Mjerumani huyo akasalimisha silaha zake Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Askari wa pande zote mbili walikuwa Waafrika, na pande zote mbili waliijua beni. Ikawa hata walipotekana hawakuwa wageni kabisa kwa waliowateka.

Nyuma ya askari hao walikwenda wapagazi. Hapa yafaa nisimame kidogo, maana sisi wanajeshi hupenda kuwataja wapiganaji tukawasahau waliotubebea chakula na risasi. Kikosi cha wapagazi kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Wananchi wakalitamka kwa ulimi wao, na matamshi hayo yamebaki hadi leo kuwa jina la Kariakoo, Dar es Salaam, na la Kariakor, Nairobi. Walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi si kwa risasi bali kwa kuhara, homa na njaa. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri katika taarifa yake kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita vile, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Maungamo hayo yalichukua zaidi ya miaka 100 kutolewa. Katika miaka hiyo yote, aliyetaka kujua kwamba watu wale walipata kuishi alikuwa na mambo machache ya kuyashika: jina la soko, masimulizi ya wazee, na ngoma.

Kwa kuwa walionusurika walirudi kwao, wakaichukua beni pamoja na makoti yao yaliyochakaa. Baada ya mwaka 1918 ilienea bara la Tanganyika. Ikavuka hadi Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi, ambako Wachewa waliiita mganda, na Watonga na Watumbuka wa kaskazini wakaiita malipenga. Ikafuata reli na vibarua hadi migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini na Katanga. Hapakuwa na amri iliyoipeleka, wala fedha ya serikali. Ilikwenda kwa miguu ya watu waliokuwa wakitafuta kazi.

Na alipofika mgeni katika mji asioujua, chama cha beni kilimfanyia mengi zaidi ya kumchezesha. Akiugua, wenzake walichanga. Akifa mbali na kwao, walimzika, wakamlilia kama ndugu. Kwa mtu aliyewaona wenzake wakiachwa kando ya njia bila ya kaburi, hilo la mazishi halikuwa jambo dogo, nami nadhani ndilo lililowafanya watu wazima watoe senti zao kila mwezi kwa ajili ya ngoma ambayo wazungu waliitazama kama mchezo wa watoto.

Siyo kwamba waliitazama hivyo wote. Watawala wengine walitishika: watu weusi wenye majenerali, wenye barua kutoka mji hadi mji, na wenye utii usiopitia kwa Bwana Shauri! Mara kwa mara walipeleleza kama beni ni njama ya siri, na mara kwa mara wakarudi na mikono mitupu. Mwaka 1935, wachimba shaba walipogoma huko Mufulira, Nkana na Luanshya, na watu 6 wakauawa kwa risasi Luanshya, tume ya uchunguzi ilipokea ushahidi juu ya chama cha Mbeni, kana kwamba ngoma ndiyo iliyopandisha kodi.

Wataalamu wamebishana sana kama wachezaji wa beni walikuwa wakiwadhihaki wazungu au wakiwaonea kijicho. Terence Ranger alipotoa kitabu chake juu ya beni mwaka 1975 alionyesha kwamba jambo hili halina jibu jepesi, nami nakubaliana naye. Ila naongeza neno moja la mtu aliyepigishwa kwata. Kwata huuchukua mwili wa kijana na kumwambia kwamba si wake tena. Anayekwenda nyumbani, akaivaa sare kwa hiari yake, akajipa cheo alichonyimwa, na kuzipiga hatua zile zile kwa mahadhi aliyoyachagua mwenyewe, amerudishiwa mwili wake. Sihitaji kujua kama anacheka au anasifu.

Vita vya pili viliwapeleka askari wetu mbali zaidi. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana katika misitu ya Burma, na humo jeshini walikuwamo wanamuziki wa kikosi cha burudani, kama marehemu Fundi Konde wa Kenya. Safari hii askari walirejea wakiwa na mapenzi ya gitaa. Mijini beni ilikuwa imekwisha kuanza kupoteza vijana wake, waliovutwa na mpira na dansi. Dar es Salaam Jazz Band iliundwa mwaka 1932. Kule Luanshya, mtaalamu Clyde Mitchell aliikuta katika miaka ya 1950 ikiitwa kalela, mfalme wake angalipo, pamoja na daktari wa joho jeupe na muuguzi aliyewapitia wachezaji akiwa na kioo na leso ili wasionekane wametota kwa jasho.

Lakini haikufa. Unguja bado huongoza maandamano ya harusi kwa tarumbeta na ngoma kubwa, na watu wa mtaa huifuata wakiimba. Kando ya Ziwa Nyasa, upande wa Malawi, vikundi vya malipenga huitwa boma mpaka leo. Wachezaji huvaa kaptura nyeupe na soksi ndefu, huku wakivuma kwa vibuyu vilivyozibwa tundu kwa utando wa mayai ya buibui, sauti itokayo ikiwa kama ya tarumbeta lenye mafua. Boma moja hulialika jingine, wageni hulishwa na kulazwa, na kesho yake mistari hupangwa mchangani. Afisa huwapitia wachezaji akiwakagua mmoja mmoja, viatu na vifungo, kama nilivyokaguliwa mimi. Kisha ngoma kubwa hulia, na mguu wa kushoto hutangulia.