Jogoo Anayerukia Watu: Chanzo cha Ukali Wake na Namna ya Kuutuliza

Katika kaya za Kang'ata, wilayani Handeni, kama ilivyo katika vijiji vya Korogwe, kuku wa kienyeji hufugwa kwa mtindo huria, yaani hulala bandani usiku na kushinda uani wakichakura, na kazi ya kuwafungulia asubuhi na kuwatupia pumba za mahindi mara nyingi huwa ya watoto. Kwa sababu hiyo jogoo mkali ni suala la afya kabla ya kuwa suala la ufugaji, kwani kwa kimo cha mtoto wa miaka 3 au 4, uso na macho yake viko pale pale anapofika jogoo anaporuka.

Silaha ya jogoo si mdomo peke yake. Nyuma ya kila mguu, juu kidogo ya vidole, huota kipi, yaani pembe iliyochongoka ambayo ndani yake ni mfupa ulio hai na nje yake ni gamba gumu linalofanana na kucha. Kipi hurefuka kadiri jogoo anavyozidi umri, naye hukitumia kwa kuruka na kutupa miguu yote miwili mbele kwa mpigo mmoja. Jeraha lake huonekana dogo kwa nje ilhali limezama ndani, na kwa kuwa miguu hiyo imeshinda ikichakura udongo na samadi, huweza kuingiza vijidudu vya pepopunda, ambavyo hustawi mahali pasipofikiwa na hewa. Mwaka 2019 iliripotiwa katika jarida la kitabibu habari ya mwanamke wa Australia mwenye umri wa miaka 76, ambaye alidonolewa mguuni na jogoo alipokuwa akiokota mayai, mshipa wake wa damu uliokuwa umetuna ukatoboka, akavuja damu hadi akafariki. Tukio la aina hiyo ni nadra mno, lakini kaya yenye bibi au babu aliyetuna mishipa ya miguu ina sababu ya kutomwacha aingie bandani peke yake.

Jeraha la jogoo lioshwe mara moja kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, damu izuiwe kwa kukandamiza kitambaa safi, na mtu apelekwe zahanati ikiwa tundu limezama, ikiwa liko karibu na jicho au kiungo, au ikiwa haijulikani kama amechanjwa dhidi ya pepopunda. Kulifukia kwa majivu, ugoro au samadi ni kuliongezea hatari ile ile inayokimbiwa. Watoto hupata chanjo hiyo wakiwa na wiki 6, 10 na 14, lakini kinga yake hupungua kwa miaka, na mwanamume mtu mzima hana ile nafasi ya kuchanjwa tena anayoipata mwanamke katika kliniki ya wajawazito. Kichaa cha mbwa hakihusiki hapa, kwa kuwa huenezwa na wanyama wanaonyonyesha, si ndege.

Chanzo cha ukali huo kilianza kueleweka mwaka 1849, pale Arnold Adolph Berthold, mtaalamu wa Göttingen nchini Ujerumani, alipowahasi majogoo machanga 6. Waliobaki bila korodani walinywea upanga, yaani ile nyama nyekundu ya kichwani, wakaacha kuwika kama majogoo na kupigana, ilhali wale aliowarudishia korodani tumboni, hata mahali pasipo pake, waliendelea kuwika na kugombana kama kawaida. Hivyo ilidhihirika kwamba korodani humwaga ndani ya damu kitu kinachoamuru tabia, na kitu hicho leo huitwa homoni, yaani kemikali inayotengenezwa na kiungo kimoja na kusafirishwa na damu kwenda kuvielekeza viungo vingine. Pora, yaani jogoo mchanga, aliyekuwa mpole kabisa anaweza basi kubadilika ghafla anapokaribia kupevuka, mara nyingi baada ya mwezi wa tano au wa sita wa umri wake, na mwenyeji akadhani amerogwa au amechokozwa.

Homoni hata hivyo haielezi yote. Katika miaka ya 1920 Thorleif Schjelderup-Ebbe wa Norway alionyesha kwamba kuku hupangana kwa daraja, kila mmoja akijua nani wa kumdonoa na nani wa kumwepuka. Jogoo anayemrukia mtu anamwingiza mtu huyo katika daraja hilo, na hapo ndipo kosa kubwa la uani hutendeka: anapopigwa teke au kukimbizwa kwa fimbo, anachokielewa ni kwamba mpinzani wake amekubali pambano, na kesho yake hulianza tena, huku mtoto anayekimbia akimthibitishia kwamba ameshinda. Dalili huonekana mapema kwa anayetazama. Jogoo hutembea upandeupande, ubawa mmoja ukiburura chini, manyoya ya shingo yakisimama kama mwavuli, kisha hudonoa ardhi bila kula kitu, jicho moja likiwa halimwachi mtu. Anayeziona dalili hizo asikimbie wala asigeuze mgongo. Asimame, atangulize ungo au ndoo kati yake na jogoo, kisha arudi nyuma polepole.

Palipo na majogoo wengi na mitetea michache ugomvi hauishi, kwa hiyo kipimo kinachotumiwa na wafugaji wengi ni jogoo 1 kwa mitetea 10 hivi. Ncha ya kipi inaweza kupunguzwa kwa tupa, lakini ncha tu, kwa kuwa mfupa ulio ndani una damu na maumivu. Kuhasi nyumbani kusijaribiwe, maana korodani za kuku zimo ndani ya mwili, chini ya uti wa mgongo, karibu na mishipa mikubwa ya damu.

Husemwa kwamba jogoo mkali ndiye mlinzi dhidi ya mwewe, na kwa hoja hiyo huachwa azae. Hoja hiyo ni dhaifu. Jogoo mpole naye hupiga ukelele wa hatari, mwingine kwa adui wa angani na mwingine kwa adui wa ardhini, na anayevikinga vifaranga kwa mwili wake ni mama yao. Ukali hurithiwa, kama inavyoonekana kwa kuchi, kuku warefu wenye kifua kilichosimama wanaosifika kwa kupigana, ambao huchanganywa na kuku wengine ili kuongeza ukubwa wa umbo. Jogoo aliyekwisha kumrukia mtoto na asiyebadilika kwa hatua hizo achinjwe, na mayai yaliyorutubishwa naye yaliwe badala ya kuatamiwa. Akitafutwa mrithi, ni heri achaguliwe miongoni mwa mapora wa hapo hapo, kwa kuwa mgeni kutoka mnadani anaweza kuingia na ugonjwa wa kideri. Atazamwe wakati wa kulishwa, na abaki yule anayepata punje, akaitua chini na kuwaita mitetea kwa sauti ya haraka ya chini chini, huku akimpisha mtu anayepita.