Mse wa Pili Ndiye Hubeba

Kwa base, ukibakisha kadi za kumaliza lazima useme "niko kadi." Ukinyamaza, unaokota. Hiyo sheria ndio imetulea, so siku ya kwanza nilikalia meza ya Commander nilishtuka. Huku hakuna mtu analazimishwa kutangaza. Mse anakaa hapo mpole, anakunywa chai yake, kumbe mechi nzima iko mkononi mwake.

Commander ni style moja ya Magic: The Gathering, ule mchezo Richard Garfield aliunda huko Marekani ukatoka 1993. Mnakaa wasee wanne, kila mtu na deki ya kadi 100, na hakuna kadi inajirudia ukitoa zile ardhi za kawaida. Maisha ni 40 kila mtu. Piga hesabu: mbele yako kuna 120 za kumaliza. Ukidai kuzichapa na majoka, mtakesha. Ndio maana wasee wa cEDH, wale huja kusaka ushindi tu, hujenga deki ikizunguka kombo, yaani kadi zikiungana zinamaliza mechi mara moja.

Yenye imenibamba vibaya ni Thassa's Oracle na Demonic Consultation. Bei ni mana tatu tu (mana ni ile nguvu ya kulipia kadi, hutoka kwa ardhi), mbili za bluu na moja nyeusi. Oracle akiingia mezani, anahesabu alama za bluu kwa bei za kadi zako zilizo mezani. Zikifika idadi ya kadi zimebaki kwa deki yako, umeshinda hapo hapo. Sasa kabla ahesabu, unarusha Consultation, unataja kadi yenye hata hujabeba, na deki yote inaishia. Mse akimuua Oracle saa hiyo amechelewa, ju sufuri inafikia sufuri. Lakini mtu akizima ile hesabu yenyewe, umebaki bila deki, na ukifika kuokota kadi yako inayofuata, umedunda. Lazima uwe na roho.

Lakini kujua kombo si kazi. Kila mtu anaijua. Kazi ni kujua saa.

Cheki, mkiwa wawili, ukizima kadi ya jamaa mmetoka sare, kadi moja kwa kadi moja. Mkiwa wanne, ukitoa Force of Will yako kuzima mtu, umelipa peke yako na wale wengine wawili wameokolewa bure. So kila mse anaombea mwenzake ndiye alipe. Nafasi ya kujibu inazunguka meza kwa zamu: wa kwanza anapita, wa pili anapita, na mzigo unamwangukia wa mwisho. Asipokuwa na jibu, mmeenda nyumbani. Nimeona wasee wakifa na majibu mkononi, wakingoja jirani. Inauma, maze.

Hapo ndio unaelewa kwa nini mse wa kwanza kujaribu hushinda mara chache. Yeye hufagia njia. Anayekuja nyuma yake, majibu yakishatumika, ndiye hubeba. Na tangu zile kadi za mana ya haraka, Mana Crypt, Jeweled Lotus na Dockside Extortionist, zipigwe marufuku Septemba 2024, ile mbio ya mwanzo imepungua, na mimi nafurahia. Kusoma watu kumerudi kuwa na bei.

Bei ya kadi zenyewe nayo ni noma, kuna zingine kampuni inayozichapa iliapa 1996 haitawai chapa tena. Ndio maana kwa cEDH wengi hukubali kadi za kuprinti. Unaingia saiba na mafaili yako, unakata na makasi, unadunga kwa kava. Mashindano rasmi ya kampuni hayazitaki, lakini kwa keja tunataka akili ya mse, si mfuko wake.

Juzi tulikuwa wanne kwa keja. Kombo nilikuwa nayo tangu raundi ya tatu, nikanyamaza. Jamaa wa kushoto akajaribu yake, wa mbele akaizima na Force of Will. Nikacheki ardhi zao: bluu imewachwa kwa mtu mmoja tu. Zamu ikanifikia na mana nne. Sikuanza na Oracle. Nikaweka Silence kwanza, ile kadi ya mana moja nyeupe ya kuwafunga mdomo zamu hiyo nzima, nikamwangalia huyo mmoja machoni.

Akashika kadi zake. Akafikiria. Akapita.