Adui Hutafutwa Baadaye

Mwaka 2011 Uganda ilinunua ndege sita za kivita aina ya Su-30 kutoka Urusi. Pamoja na silaha nyingine, gharama ilifika dola milioni 740 hivi. Fedha zilichotwa Benki Kuu kwanza. Bunge likaombwa idhini baadaye, kama mke anayeshauriwa kuhusu pikipiki ambayo tayari imeegeshwa uani.

Adui aliyeisumbua Uganda kwa miaka mingi, Joseph Kony, alikuwa amebaki na wapiganaji mia chache wakitangatanga kwa miguu katika misitu ya Kongo na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Su-30 hukimbia karibu mara mbili ya kasi ya sauti. Kumsaka mtembea kwa miguu kwa chombo hicho kunahitaji imani kubwa.

Ikabaki hoja ya kulinda mafuta yaliyogunduliwa 2006 kando ya Ziwa Albert. Ilikuwa na uzito wake, ingawa miaka kumi baada ya ndege kutua Entebbe mafuta yenyewe yalikuwa bado ardhini. Nadhani yalifanya kazi nyingine: yaliifanya serikali ijione ina uwezo wa kulipa. Ongeza majirani, Sudan na MiG-29 zake, Ethiopia na Su-27 zake. Ongeza jeshi ambalo rais aliyeingia Ikulu kwa bunduki mwaka 1986 hawezi kuliacha linung'unike. Hapo ndege zinaeleweka, na Kony hahitajiki kwenye hesabu.

Si kwamba adui huwa wa kubuniwa siku zote. Ethiopia na Eritrea zilipoanza kupigania mji wa mpakani wa Badme Mei 1998, kila moja ilikimbilia sokoni, na mwaka uliofuata Su-27 za Addis Ababa zikapambana angani na MiG-29 za Asmara. Zote ni ndege za Kirusi. Baraza la Usalama liliweka vikwazo vya silaha Mei 2000, maghala yakiwa yamekwisha kujaa.

Muuzaji naye husukuma, ila husahaulika kwa kuwa huja amevaa suti. Rada ambayo BAE, kampuni ya silaha ya Uingereza, iliiuzia Tanzania kwa pauni milioni 28 haikuwa silaha, lakini ilipita njia ileile: dalali, kamisheni nono, na leseni iliyotolewa na serikali ya Tony Blair mwaka 2001 huku waziri wake mwenyewe, Clare Short, akipinga. Watanzania wanaikumbuka kwa chenji yake, yaani fedha ambazo BAE ilizirejesha, iliyonunua vitabu na madawati ya shule. Mahakamani London, kampuni ilikiri kosa moja tu: kutotunza vitabu vya hesabu ipasavyo.