Kopo la Kunasa Oili: Manufaa Yake, Ufungaji Wake na Tahadhari Zake

Magari mengi yanayobeba abiria na mazao kati ya vijiji na makao makuu ya wilaya ni ya dizeli, na aghalabu huwa yamekwisha kutumika miaka mingi kabla ya kufika mikononi mwa wamiliki wa sasa. Miongoni mwa vifaa ambavyo mmiliki wa gari la namna hiyo huweza kushauriwa na fundi kuvifunga ni kopo la kunasa oili. Kifaa hiki kina manufaa ya kweli kikifungwa kwa utaratibu. Kikifungwa ovyo, au kikitumiwa kuficha ubovu wa injini, humletea mwenye gari hasara kubwa kuliko ile aliyotaka kuikwepa. Makala hii inaeleza kazi ya kopo hilo, namna ya kulifunga, na wajibu wa kila mmiliki kuhusu oili chafu inayotoka humo.

Ukungu wa oili hutoka wapi?

Mafuta yanapoungua ndani ya silinda, msukumo wake huishusha pistoni. Ringi za pistoni huziba nafasi iliyopo kati ya pistoni na ukuta wa silinda, lakini haziwezi kuziba kabisa, hata injini ikiwa mpya. Sehemu ndogo ya gesi hupenya na kushuka katika kasha la chini, mahali krenki inapozunguka na kuirusharusha oili. Gesi hizo huwa na mvuke wa maji, masizi na mafuta ambayo hayakuungua. Nazo zinapotafuta pa kutokea hubeba matone madogo ya oili mfano wa ukungu.

Gesi hizo zikikosa njia, shinikizo hupanda ndani ya kasha na oili huanza kuvuja kwenye sili na gasketi. Kwa sababu hiyo kila injini huwekewa njia ya kupumulia. Zamani njia hiyo ilikuwa bomba lililoachwa wazi chini ya gari. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Jimbo la California nchini Marekani, ambalo jiji lake la Los Angeles lilikuwa likitaabishwa na moshi wa magari, liliagiza magari mapya yarudishe gesi hizo kwenye njia ya hewa ya injini ili ziungue. Utaratibu huo ukaenea, na leo umo karibu katika magari yote yatembeayo barabarani.

Tatizo ni kwamba gesi zinaporudi, ukungu wa oili hurudi nazo. Katika gari la dizeli lenye tabo, oili hutanda ndani ya mabomba ya hewa na kwenye intakula. Katika dizeli zinazorudisha sehemu ya moshi wa ekzosi kwenye injini, oili hiyo hukutana na masizi na kufanya utando mzito mfano wa lami, ambao hupunguza upana wa njia ya hewa. Nguvu ya gari hupungua na moshi mweusi huongezeka. Injini za petroli zinazopuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, kama zile za Toyota zenye alama ya D-4, nazo huathirika, kwa kuwa petroli haipiti juu ya valvu za hewa na kuzisafisha. Katika injini za kawaida za petroli faida ya kopo ni ndogo, na mmiliki wake hana sababu kubwa ya kuingia gharama hiyo.

Kopo linavyofanya kazi

Kopo huwekwa katikati ya mpira unaotoa gesi kwenye injini na mahali gesi hizo zinaporudi kwenye njia ya hewa. Lina midomo miwili, wa kuingilia na wa kutokea, na ndani yake mna vizuizi au kichujio. Gesi inapoingia hupunguza mwendo, hugeuza uelekeo na kugusa sehemu zenye ubaridi kiasi. Matone ya oili huungana na kudondoka chini, na gesi iliyopungua oili huendelea na safari yake.

Ni dhahiri basi kwamba kopo tupu lisilo na kitu ndani husaidia kidogo sana. Wapo wanaojaribu kulijaza stili waya ya kusugulia vyombo. Jambo hilo ni la hatari, kwa kuwa vipande vya waya huweza kukatika, vikavutwa na hewa hadi kwenye mapanga ya tabo au ndani ya silinda.

Mambo ya kuzingatia wakati wa kufunga

Kwanza, kopo lifungwe mahali panapofikika kwa urahisi, mbali na ekzosi, tabo na feni. Likishikizwa kwenye bodi, mipira iachiwe urefu wa kutosha, kwa kuwa injini hutikisika na bodi haitikisiki pamoja nayo.

Pili, mipira iwe ya aina inayostahimili oili na joto. Mpira wa kumwagilia bustani hulainika, hujikunja na kuziba. Upana wa ndani wa mipira na wa midomo ya kopo usipungue ule wa mpira wa awali, na mpira usiwe na bonde ambamo maji na oili vitatuama. Njia ikibanwa, shinikizo hupanda na sili huanza kuvujisha.

Tatu, kila kiungo kikazwe kwa klampu na kukaguliwa. Katika gari lenye tabo, mpira wa kurudishia gesi huingia baada ya kichujio cha hewa. Ufa mdogo mahali hapo huvuta vumbi lisilochujwa, na vumbi la barabara za changarawe husaga ringi na kuta za silinda. Mmiliki aliyetaka kuilinda injini huwa ameifungulia mlango wa kuingizia mchanga.

Nne, mpira wa kutokea urudishwe kwenye njia ya hewa kama ilivyokuwa awali. Kuuning'iniza chini ya gari ili gesi zitoke nje ni kurejesha uchafuzi ulioachwa tangu miaka ya 1960: oili hudondoka barabarani, na harufu yake huwafikia abiria. Katika injini ya petroli, valvu inayodhibiti upumuaji isiondolewe. Mwenye gari jipya ambalo bado lina dhamana amwulize kwanza muuzaji kabla ya kubadili chochote.

Kopo likisahauliwa

Kopo ni chombo cha kukaguliwa, si cha kufungwa na kusahauliwa. Ukaguzi wa kwanza ufanyike baada ya kilomita 1,000 hivi ili kujua linajaa kwa kasi gani, na baada ya hapo limwagwe kabla halijafika nusu, au walau kila oili ya injini inapobadilishwa. Kopo likijaa, injini huweza kuivuta oili kwa mkupuo. Injini ya dizeli huiunguza oili hiyo kama mafuta, ikaongeza mwendo yenyewe na kukataa kuzimika hata ufunguo ukizungushwa. Injini iliyofika hali hiyo huweza kuharibika kabisa kwa muda mfupi, na walio karibu nayo huwa hatarini.

Kinachotoka kwenye kopo kisirudishwe kwenye injini, kwani kimechanganyika na maji, mafuta na tindikali. Katika maeneo ya baridi huweza kuonekana kama uji mweupe kwa sababu ya mvuke ulioganda kuwa maji. Hali hiyo ni ya kawaida katika safari fupi. Endapo maji ya rejeta nayo yanapungua, gasketi ya silinda hedi ikaguliwe bila kuchelewa.

Kopo si dawa ya injini iliyochoka

Injini inayojaza kopo ndani ya kilomita mia chache inatoa taarifa kwamba ringi au silinda zimelika, au kwamba tabo inavujisha oili. Kopo litapunguza dalili, lakini ubovu utaendelea. Ni busara mmiliki aombe injini ipimwe kompresheni kabla ya kununua kopo. Kipimo hicho hutumia muda mfupi, nacho huonyesha kama fedha iende kwenye kopo au iwekwe akiba kwa matengenezo makubwa. Fundi mwaminifu hatakataa kuanza na kipimo.

Oili chafu iende wapi?

Gari moja hutoa kikombe, lakini gereji hutoa ndoo. Oili chafu ni taka hatarishi, na taka za aina hiyo zinasimamiwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Kuimwaga mferejini ni kuipeleka mtoni na hatimaye kisimani. Hata desturi ya kuipaka kwenye nguzo na mbao ili kuzuia mchwa huacha mabaki ya metali udongoni, karibu na makazi na bustani za mboga.

Kila mmiliki na kila gereji inashauriwa kutunza oili hiyo katika dumu lenye kifuniko, lililoandikwa wazi na kuwekwa mbali na watoto, bila kuchanganya na petroli wala maji ya rejeta, hadi ichukuliwe na mkusanyaji mwenye kibali. Asiyemfahamu mkusanyaji afike ofisi ya mtendaji wa kata ili aelekezwe kwa wataalamu wa afya na mazingira wa Halmashauri.