Je, Wajua? Kura 21 za Magarini na Mambo Mengine ya Debe Kilifi

Je, wajua kwamba mwaka 2022 kiti cha ubunge cha Magarini kiliamuliwa kwa kura 21? Harrison Kombe wa ODM alitangazwa mshindi kwa kura 11,946, na Stanley Kenga wa UDA akapewa 11,925. Watu 21 wanaenea katika matatu moja na nusu ya kutoka Malindi kwenda Gongoni. Eneo bunge lenyewe ni pana: lina wadi sita, yaani Sabaki, Gongoni, Magarini, Marafa, Garashi na Adu, kuanzia mashamba ya chumvi ya pwani hadi nyika za bara. Kila wadi ilikuwa na watu waliojiandikisha ambao hawakutoka siku ile. Wangetoka wanne tu katika kila wadi wakampa kura mgombea wa pili, matokeo yangegeuka.

Kisa hakikuishia hapo, na kinachofuata ndicho kinachoniuma zaidi. Sheria inampa asiyeridhika siku 28 za kuwasilisha kesi, na Mahakama Kuu miezi sita ya kuiamua. Mahakama Kuu ya Malindi ilibatilisha uchaguzi huo mwaka 2023, Mahakama ya Rufaa ikakubaliana nayo, na mwaka 2024 Mahakama ya Juu ikakata shauri. Kikatiba, kiti kikiwa wazi, Spika huijulisha Tume ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC), na uchaguzi mdogo hufanyika ndani ya siku 90. Lakini IEBC ilikuwa haina makamishna tangu Januari 2023, na wapya hawakuapishwa hadi Julai 2025. Bila makamishna hakuna wa kuitisha kura. Siku 90 zikapita, na watu wa Marafa na Ngomeni wakaendelea kulipa ushuru bila mtu wa kuwasemea Bungeni.

Kura ilipigwa hatimaye tarehe 27 Novemba 2025. Kombe na Kenga walikutana tena, Kenga safari hii akiwa na tikiti ya DCP, na Kombe akashinda kwa tofauti iliyopita kura 8,000. Hakuna aliyehitaji kuhesabu upya karatasi moja moja.

Je, wajua kwamba uchaguzi mdogo unaweza kuletwa na uteuzi tu, bila kifo wala kesi? Chini ya Katiba ya 2010, waziri haruhusiwi kuwa mbunge. Dan Kazungu, aliyekuwa mbunge wa Malindi, alipoteuliwa Waziri wa Madini mwaka 2015, kiti chake kikabaki wazi. Tarehe 7 Machi 2016 Malindi ilipiga kura siku moja na Kericho, ambako walikuwa wakitafuta seneta. Kiti kimoja cha ubunge kiliwaleta Rais Uhuru Kenyatta na Raila Odinga kupiga kampeni mjini, na Willy Mtengo wa ODM akamshinda Philip Charo wa Jubilee. Uchaguzi mdogo hufika hata wadini: Oktoba 2019 wadi ya Ganda ilirudia kumchagua mwakilishi wake peke yake.

Je, wajua kazi ya kila karatasi kati ya zile sita za kura? Katika uchaguzi mkuu wa 2022 nyeupe ilikuwa ya rais, ya buluu ya gavana, ya manjano ya seneta, ya kijani ya mbunge, ya zambarau ya mwakilishi wa wanawake, na ya rangi ya maziwa yaliyokolea chai ilikuwa ya mwakilishi wadi. Ni ya rais peke yake inayomtaka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura zote, pamoja na angalau robo ya kura katika kaunti 24 au zaidi. Gavana hahitaji nusu. Anayeongoza, hata kwa kura moja, ndiye gavana, na vivyo hivyo kwa wote walio chini yake. Hivyo karatasi ambazo wengi huzitia alama kwa haraka ili watoke kibandani ndizo ambamo kura moja ina nguvu zaidi.

Tukae kidogo kwenye ile ya zambarau. Bado wako wanaodhani kwamba Mama Kaunti huchaguliwa na wanawake. La. Wanaume na wanawake wa maeneo bunge yote saba, Kilifi Kaskazini, Kilifi Kusini, Kaloleni, Rabai, Ganze, Malindi na Magarini, humpigia kura pamoja. Yeye, gavana na seneta wana uwanja mmoja. Aisha Jumwa alikuwa wa kwanza kushika kiti hicho hapa Kilifi mwaka 2013, kisha mwaka 2017 akachaguliwa mbunge wa Malindi. Mwaka 2022 Malindi ilimchagua mwanamke mwingine, Amina Mnyazi, kwenye kiti cha ubunge ambacho hakina sharti lolote la jinsia.

Na karatasi ya mwakilishi wadi? Makao ya serikali ya kaunti yako mji wa Kilifi, lakini Bunge la Kaunti linakaa Malindi. Huko ndiko bajeti ya zahanati, chekechea na barabara za mitaani inakopitishwa, na wadi 35 zina wawakilishi wao humo. Dawa zikikosekana katika hospitali ya Malindi, anayefaa kuulizwa ni gavana na mwakilishi wadi, kwa kuwa afya iligatuliwa. Nimesikia mara nyingi mbunge akilaumiwa kwa jambo ambalo hana fungu lake, huku mwenye fungu akipita salama kwenye kura inayofuata.

Je, wajua kwamba kulikuwa na wakati ambapo jirani yako angeweza kuwa na kura tatu nawe usiwe na hata moja? Machi 1957 Waafrika wa Kenya waliwachagua kwa mara ya kwanza wawakilishi wao katika Baraza la Kutunga Sheria, viti vinane kwa nchi nzima. Serikali ya kikoloni iliweka masharti ya elimu, mapato, mali, utumishi na mengineyo. Aliyetimiza sharti moja alipata kura moja, aliyetimiza mengi alifika hadi kura tatu, na asiyetimiza lolote alibaki akitazama. Kiti cha Pwani kilichukuliwa na mwalimu kutoka Kilifi, Ronald Ngala. Wenzake waliochaguliwa mwaka huo ni pamoja na Tom Mboya, Oginga Odinga, Masinde Muliro na Daniel arap Moi.

Mtu mzima mmoja, kura moja, ilikuja katika uchaguzi wa Mei 1963. Wananchi walichagua wabunge, maseneta na mabaraza ya majimbo, na Ngala akawa rais wa Jimbo la Pwani. Majimbo hayakudumu, na Seneti ikavunjwa mwaka 1966. Katiba ya 2010 ndiyo iliyoirudisha, na tangu 2022 Spika wake ni Amason Kingi, gavana wa kwanza wa Kilifi.

Siri ya kura nayo iliwahi kupotea. Februari 1988, katika mchujo wa KANU, wapiga kura walipangwa mlolongo nyuma ya mgombea au wakala wake, mchana kweupe, mbele ya chifu na matajiri wa mtaa. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 ya walioshiriki alihesabiwa kuwa amechaguliwa, bila kura ya siri kufuata. Ukisimama kwenye mstari mfupi, ulijulikana. Wazee waliopitia hayo hawakicheki kibanda cha karatasi.

Kuna pia kura isiyochagua mtu. Katika kura ya maoni ya Novemba 2005 ndizi ilikuwa ndiyo na chungwa lilikuwa la, na chungwa likashinda. Katika ile ya tarehe 4 Agosti 2010 kijani kilikuwa ndiyo na nyekundu la, na Katiba tunayoitumia ikapita. Wafungwa nao walipiga kura siku hiyo kwa mara ya kwanza, na tangu 2017 wanaruhusiwa kumchagua rais, ingawa si viti vile vingine vitano. Kwa hiyo ndani ya Gereza la Shimo la Tewa kuna watu waliojiandikisha, wanaopanga foleni na kupakwa wino kidoleni.

Kura imewahi kugharimu damu hapa kwetu. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Machi 2013 watu wenye silaha walishambulia polisi Mombasa na Kilifi, na maafisa kadhaa wakauawa saa chache kabla ya vituo kufunguliwa. Watu walitoka asubuhi hata hivyo. Miaka tisa baadaye, mwaka wa amani zaidi, takriban nusu tu ya waliojiandikisha Kilifi ndio waliopiga kura, wakati nchi nzima ilifika karibu asilimia 65. Napenda sana kaunti hii, na nambari hiyo inanihuzunisha. Wako waliokatishwa tamaa na ahadi za hatimiliki za ardhi zinazorudi kila baada ya miaka mitano, na nawaelewa, lakini kukaa kwao nyumbani hakujamnyima kazi mwanasiasa yeyote.

Uchaguzi mkuu ujao ni tarehe 10 Agosti 2027, kwani Katiba imeuweka Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano. Aliyehama Ganze kuja Mtwapa kutafuta kazi anaweza kuhamisha kituo chake kupitia ofisi ya IEBC kabla daftari kufungwa, na kufanya hivyo kutamwokolea nauli ya kurudi nyumbani siku ya kura. Vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni, na yeyote aliyekwisha kuwa kwenye foleni saa hiyo ikigonga ana haki ya kupiga kura yake, hata giza likiingia kabla hajaufikia mlango.