Mrija upi kwa koo lipi?

Siku moja kabla ya upasuaji mkubwa, mtaalamu wa usingizi hupita wodini na kumwomba mgonjwa afanye mambo yasiyoonekana kuhusiana na tumbo linalokwenda kupasuliwa: achama, toa ulimi, inua kidevu, geuza shingo. Wengi hutii haraka haraka ili amalize aende zake. Lakini hapo ndipo sehemu kubwa ya usalama wa kesho inapoamuliwa. Mgonjwa akiwa bado macho na anapumua mwenyewe, mtaalamu anakadiria itakuwaje atakapompa dawa zitakazosimamisha pumzi yake, kisha abaki na dakika chache tu za kupitisha mrija kati ya nyuzi za sauti hadi kwenye bomba la hewa.

Kipimo hicho cha kutazama mdomo huitwa Mallampati, kwa jina la daktari aliyekieleza mwaka 1985, na leo kina madaraja manne. Ukiachama kikaonekana kilimi chote, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya mdomo, uko daraja la kwanza. Isipoonekana ila sehemu ya mbele ya kaakaa, uko la nne, na mtaalamu anajua ajiandae zaidi. Kipimo hiki peke yake hakitoshi, ndiyo maana huulizwa pia kuhusu meno yanayocheza, meno ya bandia na kukoroma usiku.

Chombo cha kumulikia koo ni laringoskopu: mpini wenye betri, na bapa lenye taa. Bapa lililopinda, ambalo bado ndilo linalotumika zaidi kwa watu wazima, lilibuniwa na Robert Macintosh wa Oxford mwaka 1943. Mtaalamu hushika mpini kwa mkono wa kushoto, huingiza bapa upande wa kulia wa mdomo na kuusogeza ulimi kushoto, mpaka ncha itulie kwenye kibonde kilicho kati ya shina la ulimi na kidakatonge, kifuniko cha njia ya hewa. Akinyanyua kwa mbele na juu, bila kuyaegemea meno, kifuniko huinuka na nyuzi mbili nyeupe hujitokeza. Mrija hupita hapo katikati.

Kwa mtoto mchanga, karibu kila kitu hubadilika. Kisogo chake kimechomoza, hivyo akilazwa chali shingo hujikunja yenyewe. Huwekewa kitambaa kilichokunjwa chini ya mabega ili njia inyooke. Ulimi ni mkubwa kwa mdomo wake, sanduku la sauti liko juu zaidi, na kidakatonge ni kirefu na laini, kinaangukia mbele ya kile unachotaka kukiona. Kwa hiyo wengi hutumia bapa lililonyooka, namba 0 au 1, la aina aliyoibuni Robert Miller mwaka 1941. Ncha yake hukinyanyua kidakatonge chenyewe.

Halafu kuna upana wa mrija, unaopimwa kwa milimita za ndani. Mwanamke mtu mzima kwa kawaida huwekewa 7 au 7.5, mwanamume 7.5 au 8. Mtoto aliyezaliwa na uzito wa zaidi ya kilo 2 huhitaji 3.5, wa kilo 1 hadi 2 huhitaji 3, njiti aliye chini ya kilo 1 huhitaji 2.5. Kwa mtoto wa zaidi ya miaka miwili, umri hugawanywa kwa nne, kisha huongezwa 3.5 kama mrija una puto, yaani kifuko cha hewa kinachouzunguka, au 4 kama hauna. Mtoto wa miaka minne basi ataanziwa na 4.5 yenye puto, huku mrija mmoja mdogo zaidi na mmoja mkubwa zaidi ikiwa tayari mezani.

Nusu milimita si jambo dogo. Bomba la hewa la mtoto mchanga lina upana wa takriban milimita 4. Likivimba milimita moja tu kuzunguka, hubaki njia ya milimita 2, na ugumu wa kupitisha hewa hupanda mara 16. Uvimbe huo huo kwenye njia ya milimita 8 huongeza ugumu kama mara tatu. Mrija mnene kupita kiasi huweza kupita kwenye nyuzi za sauti, kisha ukaikwaruza pete ya gegedu iliyo chini yake. Ukitolewa, uvimbe unabaki, na mtoto anavuta pumzi kwa sauti ya mkwaruzo. Puto nalo hupimwa. Kwa mtu mzima shinikizo lake hutakiwa kuwa kati ya sentimita 20 na 30 za maji, kwa sababu likizidi hapo damu haifiki vizuri kwenye ngozi laini ya ndani ya bomba.

Ndiyo maana nasema bila kusita kwamba hospitali inayozalisha akina mama lakini kabatini ina mirija ya watu wazima pekee haijajiandaa. Mrija wa 2.5 hautumiki kila wiki, na kwa sababu hiyo husahaulika kwenye oda. Siku unapohitajika, hauna mbadala.

Mama mjamzito ana mahitaji yake. Tishu za koo huvimba kidogo, zaidi akiwa na kifafa cha mimba, hivyo huandaliwa mrija wa 6.5 au 7. Oksijeni yake pia huisha upesi kuliko ya mtu mwingine, maana mapafu yamesukumwa juu na mwili unaitumia kwa wingi, kwa hiyo hupewa oksijeni ya kutosha kabla ya kulala. Mtoto anayeshonwa mdomo sungura huwekewa mrija uliokunjwa kiwandani ulalie kidevuni, usimzuie daktari. Aliyeumia shingo hushikiliwa kichwa na msaidizi kisitikisike, na hapo laringoskopu yenye kamera, kama ipo, husaidia sana.

Ukishaingia, mrija lazima uthibitishwe uko kwenye bomba la hewa, haukuteleza kwenye umio wa chakula. Kusikiliza kifua huweza kudanganya. Kinachoaminika zaidi ni kapnografi, mashine inayosoma hewa ukaa katika kila pumzi inayotoka. Isipochora mawimbi, mrija uhesabiwe uko mahali pasipo pake hadi ithibitike vinginevyo.

Kama uliwahi kuambiwa baada ya upasuaji kwamba ulikuwa mgumu kuwekewa mrija, omba uandikiwe bapa, mrija na njia vilivyofanikiwa, na uitunze karatasi hiyo pamoja na kadi yako ya hospitali.