Nyayo za Mbwa Wakati wa Masika

Ngozi ya chini ya wayo wa mbwa ni nene na ngumu, inastahimili mawe na visiki. Udhaifu uko katikati ya vidole, ambako ngozi ni laini, imefunikwa na manyoya na haipati hewa. Huko Kabambare, kusini mwa jimbo la Maniema, mvua huanza mnamo Septemba na kuendelea hadi Mei. Miezi hiyo yote mbwa humfuata mwenyewe shambani na mawindoni, huvuka vijito vinavyomwaga maji katika Mto Luama, na usiku hulala popote anapopata nafasi.

Kulowa peke yake hakumdhuru. Kinachomdhuru ni unyevu unaobaki baada ya tope kuganda kati ya vidole. Ngozi hulainika kama mikono ya mtu aliyeshinda akifua, hupasuka, na bakteria na kuvu huingia. Mbwa huanza kujilamba bila kukoma, jambo linaloongeza unyevu uleule. Mwenye manyoya meupe hugeuka rangi ya kahawia nyekundu miguuni kwa sababu ya mate. Mweusi hugundulika kwa harufu, au kwa kuchechemea.

Udongo wa masika una hatari zake pia. Mayai ya minyoo ya safura hutoka na kinyesi cha mbwa, yakaanguliwa penye kivuli na unyevu, na viluwiluwi vyake hupenya ngozi ya nyayo. Mtoto anayecheza pekupeku mahali hapo huweza kupata vijistari vyekundu vinavyowasha vibaya, maana viluwiluwi hivyo hutembea chini ya ngozi ya binadamu pia. Kufukia kinyesi cha mbwa mbali na uwanja ni kinga ya nyumba nzima. Madimbwi yenye mkojo wa panya nayo hubeba vijidudu vya leptospira, ambavyo huingia kupitia jeraha dogo tu.

Funza ana tabia tofauti. Si mzaliwa wa Afrika: mwaka 1872 alishushwa Ambriz, pwani ya Angola, na meli iliyotoka Brazili ikiwa na shehena ya mchanga. Akaenea barani kwa miguu ya wapagazi na wasafiri, na kabla ya karne kwisha alikuwa ameshafika Bahari ya Hindi. Nayo Kabambare ilikuwa kituo katika njia ya misafara ya aina hiyo kati ya Ziwa Tanganyika na Mto Lualaba. Funza huzaliana katika vumbi kavu, kwa hiyo mvua humpunguza uwanjani. Lakini jikoni, karibu na mafiga, sakafu ya udongo hubaki kavu mwaka mzima, na ndiko mbwa anakokimbilia mvua inaponyesha. Funza jike hujizika penye vidole, huvimba hadi kukaribia sentimita 1, kisha huangusha mayai yake palepale mbwa anapolala na watoto wanapoota moto.

Kumtoa funza kunataka utulivu. Sindano huchemshwa kwanza, tundu hupanuliwa polepole, na funza hutolewa mzima, kwa sababu akipasukia ndani kidonda huoza. Hutupwa motoni. Sindano hiyo isitumiwe kwa mtu.

Kila jioni nyayo zioshwe kwa maji safi, zikaushwe kwa kitambaa cha kitenge kikuukuu, kidole kimoja baada ya kingine, na kuangaliwa kwa tochi. Kupe hung'olewa kwa kushikwa karibu kabisa na ngozi; kumchoma moto ni kumtesa mbwa bure. Kidonda kidogo husafishwa kwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi katika nusu lita ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Mawese kidogo hulainisha nyayo zilizopasuka, ila yapakwe chini ya wayo tu, baada ya kukauka, kwani kati ya vidole yatafungia unyevu ndani. Petroli, maji ya betri na oili chafu ya gari huunguza ngozi, na mbwa akijilamba humeza sumu. Parasetamoli na ibuprofeni za binadamu asipewe kabisa.

Kazi kubwa kuliko zote ni malazi. Kichanja cha fito au mianzi chini ya upenu, kilichoinuliwa kidogo kutoka ardhini, humpa mbwa pakavu pasipo vumbi. Gunia la kulalia lianikwe kila jua linapotoka. Sakafu ya jikoni ifagiwe, inyunyiziwe maji na kukandikwa upya udongo inapochimbika.

Uvimbe wa miguu yote minne, ukucha unaong'oka, kidonda kinachonuka kwa siku kadhaa au macho yaliyogeuka manjano vinahitaji daktari wa mifugo. Mbwa mwenye maumivu huweza kuuma hata mwenyewe, hivyo afungwe mdomo kwa utepe wa kitambaa kabla ya kushikwa wayo. Aliyebadilika tabia ghafla, anayetoka udenda na kushindwa kumeza, asiguswe, kwani huenda ana kichaa cha mbwa. Aliyeumwa naye aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo.